Mtu wa Kwanza Kuambiwa



Katika nyumba nyingi za mwambao wetu, kuanzia Lamu na Malindi kuteremkia Mombasa na Tanga, mpaka Bagamoyo, Dar es Salaam na visiwani Unguja na Pemba, huja wakati ambapo vyombo vya nyumbani huanza kutoweka kwa mpango ambao kila mwenye macho huuona na hapana mwenye ulimi anayethubutu kuutaja. Hutangulia vidogo: chaja ya simu, pasi, viatu vya shule vya kitinda mimba. Hufuata mtungi wa gesi, ambao mama hueleza kuwa ameuazima kwa jirani. Kisha siku moja, wageni wa posa wakitarajiwa baada ya alasiri, hutafutwa lile sinia la shaba ambalo bibi mzaa mama alitunzwa arusini mwake, nalo halionekani. Wakubwa hutazamana, na mmoja wao husema kwamba limepelekwa kwa fundi kusuguliwa. Kila aliyemo ukumbini ajua kwamba halikupelekwa kwa fundi. Kila mmoja ajua aliyelichukua, na mahali lilipouzwa, na takriban limezaa kete ngapi. Walakini kauli ile ya fundi hupokewa kwa shukrani, kwa kuwa imeinusuru nyumba, walau kwa siku ile, na neno ambalo likishatamkwa halirudi tena kinywani.

Muradi wangu leo ni neno hilo. Sitazungumza juu ya wakubwa wa biashara ya unga, ambao wana mahakama zao na, inshallah, magereza yao. Nataka kuzungumza juu ya saa ambayo mtu aliyetekwa na unga, baada ya kuficha kwa muda mrefu, huchagua mtu mmoja miongoni mwa wote awajuao akamwambia. Na juu ya huyo aliyechaguliwa, ambaye aghalabu hakujitayarisha, hakusomea utabibu, wala hakuomba amana hiyo, na ambaye katika dakika chache ana uwezo wa kumfanya mwenzake aseme tena kesho, au asiseme tena kwa miaka. Kwa itikadi yangu kuacha unga huanza hapo, kabla ya hospitali na kabla ya dawa. Na sisi watu wa pwani, tuliojaaliwa adabu nyingi njema, katika jambo hili adabu zetu zimetupotosha njia.

Unga wenyewe ulizaliwa kwa heshima. Kampuni ya Bayer ya Ujerumani ilianza kuuza heroini mwaka 1898 kama dawa ya kikohozi, kwa mapendekezo ya madaktari, na ulimwengu ulichukua muda kufahamu ni kitu gani kilichoingizwa kabatini. Kwetu ulifika katika miaka ya 1980, ukitokana na afyuni ya Asia na kupitia bahari hii hii iliyotuletea tende, mazulia na mitungi, na kwa miaka mingi ulikuwa ule wa rangi ya udongo, brauni, ambao vijana waliuvuta, wakiuchanganya na bangi katika sigara waliyoiita kokteli. Ulipokaribia mwaka 2000 ukaenea unga mweupe, ambao huyeyuka upesi katika maji. Na kitu kinachoyeyuka upesi katika maji hutafutiwa sindano. Hapo ndipo msiba ulipobadilika sura. Sindano moja ikawa ya watu watatu au wanne, na virusi vya UKIMWI na vya homa ya ini vikapata njia ya mkato kutoka mshipa hadi mshipa. Mwaka 2005 watafiti waliandika kutoka Dar es Salaam habari ya wanawake masikini waliojiuza mabarabarani, ambao mmoja wao akishajidunga alivuta damu yake mwenyewe ndani ya bomba la sindano na kumpa mwenziwe asiye na fedha, ili naye, kwa dhana yao, apate chembe ya unga iliyobaki katika damu ile na kutuliza arosto. Naomba msikilizaji asiharakishe kuchukizwa. Wanawake wale walikuwa wakihurumiana, na huruma hiyo waliifanya kwa kitu pekee walichokuwa nacho.

Nimeitaja arosto, na ni lazima nisimame hapo kidogo, kwa maana watu wengi wanaomhukumu mraibu hawajui anakimbia nini. Mwili uliozoea unga husahau kujitawala bila ya unga. Saa sita hadi kumi na mbili baada ya kete ya mwisho, mtu huanza kupiga miayo asiyoweza kuizuia. Pua humchuruzika na macho hutoa machozi bila ya huzuni. Ngozi humsimama vinyweleo ingawa jua ni kali. Kisha huja mifupa kuuma, tumbo kukata, kutapika na kuharisha, na usiku usiokuwa hata na lepe la usingizi. Siku ya pili na ya tatu ndizo mbaya kuliko zote. Baada ya juma moja hivi mwili hutulia, ila usingizi huchelewa kurejea, na hamu ya unga huweza kudumu kwa miezi na kuamshwa na jambo dogo tu, kama vile kupita kwenye maskani ya zamani au kushika noti ya shilingi elfu kumi mkononi. Aliye mzima wa mwili ni nadra kufa kwa arosto peke yake; lakini mtu anayeijua hulala akiifikiri na kuamka akiifikiri, na sehemu kubwa ya wizi, uongo na udhalilifu tunaouona mitaani haitafuti starehe yoyote. Hiyo starehe ilikwisha zamani. Mraibu wa mwaka wa tano hununua unga ili aweze kusimama wima.

Basi kwa nini asiseme? Kidonda cha mguu angekionyesha siku ya kwanza.

Sisi tumelelewa katika adabu ya sitara. Mtu wa pwani hafundishwi kuanika barazani yaliyomo chumbani. Hufundishwa kwamba aibu ya ndugu yake ni aibu yake, na kwamba mwenye kumsitiri mwenzake naye Mwenyezi Mungu atamsitiri. Adabu hiyo siidharau, kwani imeokoa ndoa na jina la watu wengi. Lakini ina sharti lake, ambalo wazee walilijua hata kama hawakuliandika: husitiriwa jambo lililokwisha, au linalotengenezwa. Mfanyabiashara aliyefilisika husitiriwa na nduguze, wakalipa deni lake usiku na asubuhi akafungua duka. Binti aliyeteleza husitiriwa, akaolewa, na habari ikafa. Unga haukubali sitara ya namna hiyo, maana haukwishi kwa kunyamaziwa, bali hunawiri. Na kila siku ya kuficha huongeza gharama ya kusema, kwa sababu atakayesema leo atakuwa amekiri pia uongo wa jana na wa juzi, na pasi, na mtungi, na viatu vya mdogo wake. Wengine hufikia mahali pa ajabu: jirani aliyeibiwa akitangaza kwamba atasoma halbadiri kumwapiza mwizi, mama wa nyumba hukosa usingizi, akijua wazi apizo lile litamshukia nani, na hata hivyo asubuhi humsalimu jirani yake kwa uso mkunjufu na kumwombea apate mali yake.

Na pale familia inapoamua kutenda jambo, mara nyingi hutenda kila jambo isipokuwa kumsikiliza mgonjwa. Humwapisha kwa msahafu au kwa biblia, na yeye huapa kwa moyo safi kabisa, na siku ya pili kiapo hukutana na arosto. Humpeleka shamba kwa babu, ambako hukaa mwezi, akanawiri, akarudi. Humwoza, kwa matumaini kwamba mke atafanya yaliyomshinda mama. Na kwa hakika sijui dhuluma kubwa kuliko hii, ya kumtwisha mwari wa watu maradhi ambayo hakuelezwa siku ya posa. Kwa mwanamke mwenye uraibu hali ni mbaya mara mbili. Kijana wa kiume huitwa teja. Msichana huitwa teja na jina jingine pia, watoto wake huchukuliwa na shangazi zao, na nyumba za kumpokea ni chache, kwa kuwa nyingi zilizopo ni za wanaume. Ndiyo maana yeye hujificha zaidi, na akija kuonekana huwa amekwisha kuwa taabani.

Nawajua mtu na mpwa wake, ambao majina yao si haki yangu kuyataja. Mjomba ni fundi wa kushona kanzu katika mtaa mmoja wa Ng'ambo, hapa Unguja, mzee wa miwani mizito na maneno machache. Mpwa alikuwa kijana wa kuosha magari. Alikwenda dukani kwa mjomba wake siku moja karibu na magharibi, wakati wateja wamekwisha kutoka, akasimama mlangoni.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Mbona huketi?"

"Mjomba, mie nala unga."

Yule mzee alikuwa katikati ya mshono. Guu lake halikutoka kwenye pedali mpaka alipofika pindoni, akakata uzi kwa meno, akavua miwani, akasema, "Nimesikia. Tangu lini?"

"Mwaka wa tatu huu."

"Wavuta au wajidunga?"

"Nilikuwa navuta. Sasa najidunga."

"Sindano ni yako peke yako?"

Kijana hakujibu, na mjomba hakurudia swali. Aliuliza jingine. "Umekuja kunambia, au umekuja kunikopa?"

"Yote mawili, mjomba."

"La kwanza nimelipokea. La pili sina. Nani mwengine ajua?"

"Hapana mtu. Mama usimwambie, atakufa."

"Mamako hafi. Mamako amezaa watoto saba. Lakini sitamwambia mpaka uniruhusu, na siku ya kumwambia n'takuwepo."

Kisha akamtuma mtoto wa jirani akalete chai na maandazi, wakala wawili, na katika kula kwao hawakuzungumza habari ya unga hata kidogo.

Nimeisikia hadithi hii kwa yule kijana mwenyewe, na kila ninapoifikiri nazidi kustaajabia mambo ambayo fundi yule hakuyafanya. Hakupiga ukelele. Hakuuliza "kwa nini?", swali ambalo mraibu amejiuliza mara elfu bila ya kupata jibu, na ambalo likitoka kinywani mwa mkubwa husikika kama hati ya mashtaka. Hakutaka kiapo. Hakutoa fedha, wala kule kuombwa fedha hakukumfanya aone kwamba ungamo lote lilikuwa hila, jambo ambalo wengi wetu tungelishika na kulifanya ushahidi. Alifahamu kwamba mtu aweza kuwa mkweli na mwenye arosto kwa wakati mmoja. Maswali aliyouliza yalikuwa ya kitabibu hasa, ijapokuwa hakuwahi kukanyaga chuo cha utabibu: muda, namna ya kutumia, na sindano, kwa sababu anayejidunga na anayevuta hawana hatari sawa, na aliyechangia sindano anahitaji kupimwa damu. Na siri aliitunza, lakini aliiwekea mwelekeo: haitakaa milele, itatoka siku fulani, na mwenyewe hatakuwa peke yake.

Wala msidhani kwamba asubuhi yake walikwenda hospitali. Siku waliyoagana kwenda, kijana hakutokea. Alikuja baada ya majuma kadhaa, amekonda zaidi, na mjomba akamwambia, "Karibu, keti." Safari ile wakaenda.

Waende wapi? Katika hili tunazo njia nyingi kuliko walizokuwa nazo watu wa miaka ya 1990, ambao walikuwa na jela, na hospitali ya wagonjwa wa akili, na basi. Ya kwanza ni zile nyumba za upataji nafuu, ambazo vijana huziita soba. Hapa Zanzibar zilianza mwaka 2009, zikiendeshwa na watu waliowahi kutumia unga na kuuacha, na mfano wake ukaenea kwingineko. Ndani yake mtu hukaa miezi kadhaa mbali na maskani, anaamshwa kwa saa, anafagia, anapika, anaswali au anasali, na kila siku hukaa katika duara pamoja na wenziwe, ambamo mmoja husema jina lake na kusema kwamba yeye ni mraibu, wenziwe wakamwitikia kwa jina lake, kisha akasema yaliyomsibu bila ya kukatizwa.

Desturi hiyo ya duara ina asili ambayo inafaa kuijua. Mwezi Mei 1935 dalali mmoja wa hisa kutoka New York, Bill Wilson, aliyekuwa ameacha pombe kwa miezi michache tu, alijikuta katika hoteli katika mji wa Akron, jimbo la Ohio huko Marekani, biashara yake imeharibika na kelele za baa zikimfikia. Badala ya kuingia baa aliingia kwenye simu, akaanza kuwapigia watu akitafuta mlevi mwingine wa kuzungumza naye, mpaka akakutanishwa na daktari wa upasuaji aitwaye Bob Smith, ambaye siri yake ya ulevi ilikuwa imekwisha kumtafuna. Walizungumza kwa saa nyingi. Tarehe 10 Juni mwaka huo daktari yule alikunywa kwa mara ya mwisho, na siku hiyo ndiyo inayohesabiwa kuwa mwanzo wa chama cha walevi wasiotajana majina, chenye zile Hatua Kumi na Mbili. Mwaka 1953 huko California watu wa dawa za kulevya wakaunda chao kwa mfano ule. Tazameni kwamba aliyepiga simu hakutafuta mtu wa kumhubiria, wala hakutafuta tabibu. Alitafuta mtu ambaye hatashtuka. Hatua zile zimepandwa katika ardhi yetu ya Kiislamu na ya Kikristo bila ya taabu kubwa, kwa kuwa kukiri udhaifu, kumtegemea Mungu, kutubu na kurudisha haki za watu ni mambo tuliyoyajua kabla ya Ohio.

Walakini sitazisifu soba zote. Zipo ambazo zimekuwa biashara ya kufungia watoto wa watu, ambako mzazi hulipa kila mwezi na mtoto hufungwa mnyororo, hunyolewa na kupigwa, na kuhara kwa arosto juu ya sakafu bila ya mganga. Kabla hujamkabidhi mwanao, ingia mpaka chumba cha nyuma. Uliza ni tabibu gani anayekuja na huja lini. Ongea na mmoja wa waliomo bila ya msimamizi kuwapo. Ukikataliwa mambo hayo, rudi na mwanao.

Njia ya pili ni methadoni. Hii ni dawa ya maji inayonywewa mara moja kwa siku, ambayo hushika mwilini pale pale unga unaposhika, lakini huingia polepole na kudumu siku nzima na zaidi, hivyo arosto haiji na ulevi haupo endapo kipimo kimewekwa sawasawa. Madaktari Vincent Dole na Marie Nyswander waliithibitisha kwa ajili ya waraibu huko New York katikati ya miaka ya 1960, na Shirika la Afya Duniani liliiingiza katika orodha ya dawa za lazima mwaka 2005. Tanzania iliianza katika Hospitali ya Taifa ya Muhimbili mwezi Februari 2011, kisha zikafuata Mwananyamala na Temeke, na baadaye Mbeya, Mwanza, Dodoma na kwingineko; Zanzibar iliianza mwaka 2015 katika hospitali ya Kidongo Chekundu; na wenzetu wa Kenya walianza Nairobi mwishoni mwa 2014 na Malindi mwaka uliofuata.

Nimewahi kusimama kando ya dirisha la kutolea dawa hiyo asubuhi. Watu hupanga foleni wakiwa na vitambulisho vyao, wengine na sare za kazi, mmoja na mtoto mgongoni. Mgonjwa hutaja jina lake, muuguzi hulihakikisha na kumtazama usoni kama yu macho au anasinzia, hupima dawa katika kikombe kidogo, naye huinywa hapo hapo, akafuatiza maji, kisha huulizwa jambo ili ajibu, na kwa kujibu ionekane kwamba amemeza. Yote hayo hayafiki dakika mbili. Kisha huenda kazini kwake, na kesho hurudi, Jumapili na Idi na Krismasi. Kwa hiyo wanaoshindwa aghalabu hawashindwi na dawa, kwa maana hiyo ni bure, hushindwa na nauli ya kwenda na kurudi kila siku ya Mungu, na ningependa jamaa wanaouliza "tumsaidie nini?" wazingatie hilo, wala fedha hiyo wasimpe mkononi ikiwa wanachelea, bali wampandishe daladala wenyewe.

Husemwa kwamba methadoni ni unga wa serikali. Maneno haya nimeyasikia misikitini na nimeyasikia katika soba, na wanaoyasema wana wivu wa kheri. Lakini hatumwambii mwenye kisukari kwamba sindano yake ya kila siku ni udhaifu wa imani. Mtu anayekunywa dawa dirishani hajidungi gizani, haibi, analala usiku, na akiwa na UKIMWI anazifuata dawa zake. Wengine watapunguza kipimo na kuacha baada ya muda. Wengine wataendelea kwa miaka mingi, na hiyo si hasara. Hadhari zipo: kipimo hupandishwa polepole katika majuma ya mwanzo kwa kuwa dawa hujilimbikiza mwilini, kuichanganya na pombe au vidonge vya usingizi kwaweza kusimamisha pumzi, na anayetibiwa kifua kikuu kwa rifampisini amwambie daktari, kwani rifampisini huipunguza nguvu methadoni na arosto ikarudi bila ya mgonjwa kujua sababu.

Jambo la hatari ambalo wazazi hawaelezwi vya kutosha ni hili. Mtu aliyekaa bila ya unga kwa miezi, iwe katika soba, jela, au shamba kwa babu, mwili wake umesahau ule uzoefu. Na akirudi akachukua kiasi kile kile alichokuwa akitumia zamani, kiasi hicho kinaweza kumuua siku hiyo hiyo. Wengi hufa namna hiyo, katika wiki za mwanzo za furaha, baada ya dua kusomwa na pilau kuliwa. Hukutwa chooni, midomo imebadilika rangi, anakoroma au hakoromi. Ipo dawa iitwayo naloksoni inayoweza kumrudishia pumzi ikiwahi, na kwa hiyo ukimkuta hivyo mkimbize hospitali, useme wazi kwamba ni unga. Usiseme ni kifafa wala malaria kwa ajili ya kulinda jina. Na akirudia unga akabaki hai, mwambie aliyoambiwa yule kijana: karibu, keti. Kurudia ni sehemu ya maradhi haya, na anayefukuzwa kwa kurudia, mara nyingine hatakwambia.

Sasa nitaje jambo linaloihusu kazi yetu sisi watangazaji. Mwaka 2012 mwimbaji Rehema Chalamila, ambaye nchi nzima inamjua kwa jina la Ray C, alikiri hadharani habari ya uraibu wake, na Rais wa wakati ule, Jakaya Kikwete, alimsaidia kupata matibabu. Ulikuwa ushujaa, na nyumba nyingi zilipata siku hiyo namna ya kulianzisha neno mezani. Lakini tangu hapo pamezuka mtindo wa kuwaleta vijana mbele ya vipaza sauti wakiwa na arosto bado, wakaulizwa waliiba nini na walilala na nani, huku mtangazaji akisikitika kwa sauti nzuri. Ushuhuda wa namna hiyo unamfaa msikilizaji kwa nusu saa na kumwandama aliyeutoa maisha yake yote, akitafuta kazi na akitafuta mchumba. Mraibu hawiwi na taifa ungamo lolote. Mtu mmoja amtosha kwa kuanzia, na mganga awe wa pili, ambaye wajibu wake wa kutunza siri ni ule ule anaokuwa nao kwa mgonjwa wa maradhi mengine.

Wengi huniuliza wamtafute wapi huyo wa kwanza ikiwa nyumbani hakuna mjomba wa sampuli ile. Tanzania Bara, Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ina namba ya simu isiyolipiwa, 119. Kenya ipo ya mamlaka yao ya namna hiyo, NACADA, 1192. Visiwani, nendeni Kidongo Chekundu, au katika soba yoyote ambayo chumba chake cha nyuma mmekiona. Na maneno haya yanawahusu akina mama vilevile, ambao wamebeba siri hii kwa muda sawa na watoto wao, na ambao katika kliniki za methadoni hukaribishwa hata kama mtoto amekataa kuja. Huko watakuuliza mwanao anatumia nini, tangu lini, anavuta au anajidunga. Kama hujui, sema hujui, na watakueleza namna ya kumuuliza utakaporudi nyumbani.